Akidi Imetimia

Kijijini kwetu mkutano mkuu hutangazwa mara mbili. Kwanza ni karatasi inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya mtendaji, na hiyo husomwa na wanaosubiri muhuri tu. Halafu, jioni ya kuamkia mkutano, mgambo hupita na pikipiki na kipaza sauti akitaja siku, saa na mahali, na mwisho huongeza maneno yake mwenyewe: "Asiyefika, baadaye asilalamike!" Ajenda haitaji. Kwa miaka mingi hakuna aliyemuuliza, maana kila mtu alikuwa anaijua. Ajenda ilikuwa michango.

Mchango wa darasa, mchango wa maabara ya sekondari ya kata, mchango wa mlinzi wa shule, mchango wa choo cha zahanati. Mwenyekiti anasoma kiasi kwa kila kaya, mtendaji anaonya juu ya watakaochelewa, mtu mmoja wa mstari wa mbele anasema "naunga mkono hoja", na wengine wanaitikia "ndiyooo" huku wameshaanza kukung'uta vumbi. Mimi ni mkulima wa ufuta mkoani Lindi, huku ndani, mbali na lami, na siku za gulio ni mama lishe. Siku ya mkutano kwangu ilikuwa siku ya sufuria kubwa, kwa sababu watu wakitoka pale wana njaa na hasira, na vyote viwili vinahitaji wali. Kwa hiyo mikutano yangu ya mwanzo niliihudhuria nikiwa jikoni, hatua chache kutoka kwenye mwembe wa mkutano, nachochea moto na kusikiliza. Nadhani niliiona vizuri kuliko waliokaa ndani yake. Niliona nani anaondoka na saa ngapi, nani anaongea sana njiani na hafungui mdomo akifika, na nani anaitwa pembeni kabla ya kikao kuanza.

Viongozi wetu walikuwa na jibu moja kuhusu mahudhurio mabovu: wananchi hawana mwamko. Nililisikia neno hilo kwa mtendaji, kwa diwani, na kwa kila mgeni wa wilayani aliyeletewa kiti cha plastiki. Lakini wananchi hao hao wasio na mwamko nilikuwa nawaona kwenye mnada wa chama cha ushirika. Msimu wa ufuta, AMCOS, ndicho chama chenyewe cha ushirika, inapoita wakulima, watu wanatoka kwenye mashamba ya mbali alfajiri, wengine na watoto mgongoni. Barua za wanunuzi zilikuwa zinasomwa hadharani, bei ya juu na bei ya chini, kisha wakulima wanaulizwa: tunauza au hatuuzi? Wakikataa, wamekataa. Mzigo unabaki ghalani ukisubiri mnada mwingine. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala walikataa bei za wanunuzi namna hiyo hiyo, nchi nzima ikasikia, na suala likafika mpaka kwa Rais.

Sasa niambie, mtu anayeweza kusimama mbele ya matajiri na kusema "hatuuzi" anakosaje mwamko? Mwamko anao. Anachagua mahali pa kuupeleka. Haendi mkutanoni ili atimize uraia, anakwenda mahali ambapo akisema hapana, jambo linasimama. Mkutano wetu wa michango haukuwa mahali hapo. Kiasi kilikuwa kimeshaamuliwa, sisi tuliitwa kukisikia.

Mtu mmoja tu alikuwa hakosi, kuwe na michango au kusiwe. Ni mzee wa kitongoji chetu aliyestaafu ubwana shamba. Nilimuuliza siku moja, wakati anakula, kwa nini anajisumbua. Akaniambia, "Mwanangu, wakati wa operesheni hatukuulizwa." Alikuwa anazungumzia Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipotolewa kwenye mashamba yao na kukusanywa pamoja. Baba yake aliacha mikorosho iliyokuwa imeanza kuzaa. Kisha mwaka 1975 ikaja sheria ya kuviandikisha vijiji hivyo, na ndani ya sheria hiyo hiyo, iliyokuta watu wameshahamishwa bila kuulizwa, mkawekwa mkutano wa watu wazima wote wa kijiji. Mzee anaona kama deni: waliotuhamisha walituachia kiti, na yeye hatakiacha kitupu.

Sheria ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa, ile ya mamlaka za wilaya, ikaendeleza. Ukiwa mkazi wa kijiji na umetimiza miaka 18, wewe ni mjumbe wa mkutano mkuu, basi. Hakuna kadi ya chama, hakuna ada, hakuna cheti cha darasa la saba. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inafanya kazi za kila siku na inatakiwa kuja mbele ya mkutano huo kila miezi mitatu kueleza imefanya nini na fedha zimekwenda wapi. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000, kwa hiyo kisheria tuna mabunge zaidi ya 12,000 ya chini ya miti. Mengi hayafikishi akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali.

Kutokuwa na cha kuamua ni sababu moja ya watu kukaa kimya. Ya pili sikuijua mpaka nilipoanza kuuliza maswali mwenyewe. Ni muhuri. Mwanao akitaka kitambulisho cha taifa, ukitaka kufungua akaunti, ukiomba mkopo, ukipeleka mgonjwa mjini na huna uwezo, unahitaji barua yenye muhuri wa mtendaji. Mwenye muhuri ni yule yule unayetaka kumuuliza habari za mapato na matumizi. Hakuna mtendaji aliyenitishia kwa mdomo wake, na sidhani kama ilihitajika. Mtu anapiga hesabu mwenyewe: nimuudhi leo, Jumatatu nimfuate? Akina mama walio kwenye mpango wa TASAF wana hesabu kali zaidi, maana majina ya kaya maskini hupitishwa kwenye mkutano huo huo, na nani anataka kukumbukwa kama mkorofi siku majina yanaposomwa upya?

Juu ya hayo kuna swali linaloua maswali mengine yote: "Wewe ni wa chama gani?" Ukiuliza risiti, unaulizwa chama. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakikaa chini baada ya swali hilo, wakicheka kwa aibu. Aliyelipatia jibu ni shemeji yangu, mwanamke wa maneno machache. Alisema, "Chama changu ni kaya namba fulani, iliyolipa mchango." Watu walipiga makofi mpaka mtendaji mwenyewe akacheka. Tangu siku hiyo jibu hilo limekuwa la kijiji kizima, na swali lenyewe siku hizi huulizwa kwa tahadhari.

Kilichobadilisha mahudhurio kwetu ni magogo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu ulio kwenye ardhi yake kuwa hifadhi ya kijiji, kuandaa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, na kuvuna kwa mpango huo. Mapato ya uvunaji yanakuwa ya kijiji. Kusini hii wa mwanzo walikuwa wenzetu wa Kilwa. Kikole na Kisangi walipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha msitu unaotunzwa vizuri, na habari za mpingo wao zilitufikia huku zikiwa zimeongezwa chumvi: eti kila mtu amejenga nyumba ya bati. Tulituma watu wakaangalie. Walirudi na habari ndogo kuliko uvumi lakini nzuri kuliko tulizozizoea: kijiji kina akaunti, na wanakijiji wanajua kilichomo.

Kufika hapo kulikuwa kazi ndefu na ya kuchosha, nami nitaipita haraka: kukubaliana mipaka na majirani, kuhesabu miti, kuandika mpango, kupitisha sheria ndogo kwenye mkutano na kusubiri halmashauri ya wilaya izikubali. Kwa ajili ya yote hayo kunakuwa na kamati ya maliasili ya kijiji, na wajumbe wake huchaguliwa na mkutano mkuu. Uenyekiti wa kijiji unataka chama kikusimamishe, kamati ile inataka tu watu wanaokujua. Mimi nilichaguliwa humo kwa sababu, kama alivyosema aliyenipendekeza, "huyu anajua nani anadaiwa nini kijiji kizima". Ilikuwa sifa ya mama lishe, nikaipokea.

Mkutano wa kwanza baada ya kuuza mninga na mpingo, mgambo hakuhitaji kuongeza maneno yake. Watu walijaa mpaka nje ya kivuli. Vijana wa bodaboda walizima injini, wazee wa bao wakaja na bao lao, na wanawake waliokuwa wakikaa nyuma kabisa wakajikuta wako katikati kwa sababu nyuma pamejaa. Katibu alitangaza akidi imetimia kwa sauti ya mtu ambaye hakuwahi kuisema sentensi hiyo bila kudanganya kidogo.

Na ulikuwa mkutano mgumu. Kijana mmoja wa bodaboda alisimama akasema msitu ni wetu sote, fedha zigawanywe kwa kaya, kila mtu apeleke kwake. Nusu ya mkutano ilimshangilia. Nilimwelewa. Ukishakusanyiwa michango miaka yote bila kuona baki, kitu cha uhakika ni kile kilichomo mkononi mwako. Mwalimu mmoja aliomba ruhusa, akagawa kwa kalamu palepale, jumla kwa idadi ya kaya, na kiasi kilichopatikana kilikuwa cha sukari na sabuni za siku chache. Pakatulia. Kijana akakaa, kisha akasimama tena: "Sawa, msigawe. Lakini nataka kila nikipita hapo ofisini nione kwenye ubao zimekwenda wapi, siyo mpaka nimwombe mtu." Kwangu hiyo ndiyo hotuba bora niliyowahi kuisikia chini ya mwembe ule, na nimewasikia wabunge. Tukapitisha kumalizia chumba cha wazazi cha zahanati, na tukapitisha ubao.

Karatasi ya kwanza ya mapato na matumizi ilipobandikwa, wanaume walisoma jumla ya mwisho wakaondoka. Wanawake walisoma mstari kwa mstari. Kuna sababu, nayo ni kikoba. Wengi wetu tuko kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Kikundi chetu kina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti ambao hakuna hata mmoja anayekaa na sanduku. Kila kikao fedha huhesabiwa mezani mbele ya wote, hisa upande huu, mfuko wa jamii upande ule, faini za waliochelewa kwenye bakuli. Mwanamke asiyejua kuandika jina lake anakumbuka baki ya wiki iliyopita mpaka shilingi, na ikipungua, hatoki mtu. Baada ya kuzoea hivyo kwa miaka, ukipewa karatasi iliyoandikwa "doria" na kiasi kimoja kikubwa, swali linakuja lenyewe: doria siku zipi, walikwenda akina nani, kila mtu alilipwa ngapi?

Tuliuliza hivyo. Hatukumtuhumu mtu kuwa ni mwizi, na hilo lilitusaidia sana. Ukisema mtu kala fedha, mkutano unageuka kesi: ndugu zake wanasimama, imamu anaombwa kusuluhisha, na karatasi inasahauliwa. Ukiuliza siku na majina, anayejibu analazimika kuwa na siku na majina. Robo iliyofuata, orodha ya doria ilikuja imeandikwa jina kwa jina, na gharama yenyewe ilikuwa imeshuka. Kwa nini ilishuka, kila mtu alibaki na jibu lake moyoni.

Tuliomba pia muda wa mkutano ubadilishwe. Ulikuwa saa nne asubuhi, saa ambayo mwanamke yuko shambani au mtoni, halafu jioni unaambiwa wanawake hawajitokezi. Siku hizi mikutano yetu ni alasiri. Mabadiliko hayo hayakugharimu hata shilingi, na yameleta watu wengi kuliko semina yoyote ya uhamasishaji iliyowahi kuletwa na chai na vitafunwa.

Ajenda za mkutano zina mpangilio wake: kufungua, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, taarifa, mengineyo, kufunga. Watu wengi huja wakati wa taarifa. Mzee wa ubwana shamba alinifundisha kuja mapema, kwa ajili ya muhtasari na yatokanayo. Muhtasari ndio unaopanda kwenda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kwa halmashauri ya wilaya. Huko juu hawakusikii ulivyopiga kelele, wanasoma kilichoandikwa. Niliwahi kusikia ukisomwa kwamba jambo fulani "lilikubaliwa kwa kauli moja", na mimi nilikuwa nimelipinga kwa sauti iliyowashtua kuku. Tukaomba kwamba kuanzia siku hiyo kura zisiwe za kuitikia. Kura ya "ndiyooo" ni kura ya mwenye mapafu. Mikono inyooshwe, ihesabiwe, idadi iandikwe, wanaokubali na wanaokataa. Yatokanayo nayo ni mahali pa kuuliza kwa upole: tulisema hivi, mmefanya nini? Kiongozi anaweza kukwepa hoja mpya kwa kusema italetwa kikao kijacho. Akikutana na aliyoyaahidi mwenyewe, yameandikwa kwa mkono wa mtendaji wake, pa kukwepea panapungua.

Mengineyo nayo ichungwe. Ndiko yanakotiwa mambo makubwa wakati watu wameshasimama.

Ilikuwa hivyo kwa habari ya ardhi. Kuna mwekezaji aliyetaka eneo la shamba kubwa, halmashauri ya kijiji ilikuwa imeshakutana naye, na kwenye mengineyo, jua likiwa linazama, mwenyekiti akataja kwamba kuna mgeni anaomba eneo la mia mbili, wajumbe wameona ni jema, je, wananchi mnaridhia? Mikono michache ikaanza kupanda. Mzee akauliza swali fupi: "Mia mbili za nini, mwenyekiti? Ekari au hekta?" Mwenyekiti akamtazama mtendaji, mtendaji akatazama karatasi. Hekta. Mzee, ambaye alipima mashamba maisha yake yote, akatufanyia hesabu kwa sauti: hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, kwa hiyo tunaombwa karibu ekari mia tano. Waliokuwa wamesimama walikaa. Naamini hata baadhi ya wajumbe wa halmashauri walikuwa wanaisikia hesabu hiyo kwa mara ya kwanza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Wengi wetu hatukuwa tumeisoma, lakini kuna aliyekuwa nayo kwenye simu, kwa Kiswahili, akasoma kwa sauti kile kifungu cha 8. Halafu akasoma tena kwa ajili ya waliokuwa wanaongea. Tukakataa kuamua siku ile. Tukataka watu wa kila kitongoji waende wakatembee mpaka wenyewe, siyo wauone kwenye ramani.

Jambo lilirudi baadaye likiwa dogo: eneo pungufu sana, upande usiogusa chanzo cha maji, kwa kukodisha kwa miaka, na kodi ya kila mwaka inayoingia kwenye akaunti ya kijiji. Mimi nililipinga hata hivyo. Nilisema ardhi ile ndiyo akiba ya vijana wetu, na kwamba mtu ukimkaribisha sebuleni ni vigumu kumzuia chumbani. Niliongea vizuri, nasema mwenyewe. Vijana ambao nilikuwa nawatetea walinisikiliza kwa heshima zote, kisha wakanyoosha mikono upande wa pili, maana wao walikuwa wanataka vibarua leo, na akiba ya kesho ilikuwa mbali. Tuliomba mikono ihesabiwe mara mbili. Mara zote mbili nilishindwa.

Nilikasirika wiki nzima. Nilifikiria kutokwenda tena, na nikaelewa kwa nini watu wengine wameacha: siyo kwa sababu hawakusikilizwa, bali kwa sababu walisikilizwa na bado hawakufuatwa. Hilo linauma kwa namna yake. Lakini nilishindwa na watu ninaowajua, mchana kweupe, kwa idadi iliyoandikwa, na sikuweza kumwambia mtu yeyote kwamba niliibiwa. Kila robo ya mwaka mimi ndiye ninayeuliza kama kodi ya shamba lile imeingia na iko wapi. Waliounga mkono wamenizoea, na nadhani wanafurahi kuwa na mtu wa kuuliza badala yao. Vibarua wa shamba lile, kwa taarifa yako, wanakula kwangu.

Watu huniuliza habari za uchaguzi, kwa sababu kwa wengi siasa ni uchaguzi. Nitasema machache. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilisusia uchaguzi wa serikali za mitaa, na sehemu nyingi wagombea walipita bila kupingwa. Kwetu hatukupiga kura. Uchaguzi wa Novemba 27, 2024 tulipiga, ila kuna waliokosa kwa jambo dogo. Walikuwa na kadi ya mpiga kura, wakadhani inatosha, kumbe uchaguzi wa kijiji una orodha yake, na kujiandikisha kulikuwa Oktoba 11 hadi 20. Nilizunguka kwenye vikoba nikiwaambia watu, na bado wapo walioniambia siku ya kupiga kura, "Mbona jina langu halipo?" Kuhusu nani alisimamishwa na nani aliondolewa, kila mtu ana yake, na mengi ya hayo huamuliwa mahali ambapo mimi na sufuria zangu hatufiki.

Mwenyekiti anaweza kuwa alipita bila kupingwa, lakini akishakaa chini ya mwembe, taarifa yake haipiti hivyo. Kila miezi mitatu lazima aisome, na watu wanaoisikiliza ni wale wale waliojifunza kuhesabu kwenye kikoba na kukataa bei kwenye mnada. Mwenyekiti wetu wa sasa analijua hilo. Kabla ya mkutano hupita kwa mzee, kisha hupita kwangu, anaagiza chai, na baada ya kuzunguka sana anauliza, "Mama, mmejiandaa kuniuliza nini safari hii?" Simwambii yote. Namwambia ya kutosha ili aje na risiti.

Mahudhurio hayajabaki kama siku ile ya magogo ya kwanza. Msimu usio na uvunaji, watu hupungua, na kuna mkutano mmoja uliahirishwa kwa kukosa akidi kama zamani. Mgambo alilalamika kwenye kipaza sauti kwamba watu wanapenda fedha tu. Mimi sioni ubaya. Fedha ya kijiji ni darasa, ni dawa, ni maji, na anayekuja kwa ajili ya fedha hubaki akasikia na mengine. Ninachoomba ni ajenda itajwe kwenye tangazo, ili mtu ajue anakuja kuamua nini. Mgambo amekubali kuisoma ikiwa ataandikiwa kwa herufi kubwa.

Mkutano ujao utakuwa na moto. Uvunaji wa mwaka huu umelipwa, na kuna hoja mbili mezani: nyumba ya muuguzi, ili alale hapahapa badala ya kuja na kurudi kijiji cha pili, au kisima cha kitongoji cha bondeni, ambacho kimeahidiwa tangu nikiwa sina watoto. Fedha hazitoshi kwa vyote viwili. Mimi niko upande wa muuguzi, na nimeshaongea na vikoba viwili. Mume wangu anatoka bondeni, yuko upande wa kisima, na nasikia naye ameshaongea na watu wa bao. Tumekubaliana jambo hilo tusilizungumzie wakati wa kula.